Mkono wa Baba Mkwe

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa mpiga taipu mjini, na nyumba yetu ilikuwa Kawangware. Lupus, ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe, ilinianza kwenye vidole, ikapanda usoni. Pua na mashavu yakaiva wekundu, na wanawake wa bombani wakanong'ona kwamba najichubua kwa krimu. Daktari akanipa vidonge vile vile vya malaria, ila hivi vya kumeza kila siku, mwaka nenda mwaka rudi. Uso ukatakata. Akaniambia pia nisikose kupimwa macho, maana dawa hiyo huweza kuyadhuru. Nikakosa.

Doa lilianza katikati. Nikitazama neno, herufi za kando naziona, ya kati haipo. Baadaye watu nao: nywele, masikio, viatu, na mahali pa uso pana ukungu. Nilinyamaza, maana nikisema tu nitanyang'anywa vidonge. Mjini nikawapita watu wa kwetu bila salamu, wakasema naringa. Afadhali waseme hivyo, nikajiambia. Mjinga mimi.

Jumamosi moja namsubiri shemeji, mdogo wa mume wangu, aliyefanya kazi kwa wapiga chapa River Road. Alikuwa mtani wangu, na chakula cha Jumamosi hakikumpita. Mlango ukagongwa. Nikaona kofia, koti, mabega ya ukoo ule.

"Leo pia umekuja kumaliza ugali yangu?" Nikamdaka mkono, nikamvuta ndani, nikampiga kofi la tumboni. "Ingia, mwizi wewe!"

Hakucheka. Mkono niliokuwa nimeushika ulikuwa mgumu, wa mtu wa jembe. Alikuwa baba mkwe, katoka nyumbani kijijini bila taarifa.

Kwetu magharibi mke hamgusi baba wa mumewe. Hata salamu huitoa kwa mbali, macho chini. Na mimi nimempiga mzee tumboni, mume wangu akitazama kutoka kitini. Nilikimbilia jikoni nikajifunika leso kichwani. 

Mume wangu akanifuata. "Umelewa?"

Nilifikiria kusema ndiyo. Kweli nilifikiria.

"Sura za watu sizioni," nikasema.

Mzee alibaki pale pale karibu na mlango. Hakusema nami, kama ilivyo desturi. Alimwambia mwanawe, kwa sauti ya kunifikia: "Huyu bibi yako apelekwe hospitali. Hiyo ya mkono tutaongea nyumbani."

Daktari alisimamisha vidonge, akasema doa lile halitaondoka; ningekuja mapema, lisingefika hapo. Miezi michache baadaye mashavu yakaanza kuwaka tena. Wanawake wa bombani waliona kabla yangu.

Nikisimama mbele ya kioo naona nywele zangu, masikio, kola ya blauzi. Katikati hamna kitu. Uso nilioulipia kwa macho yangu, watu wote wanauona isipokuwa mimi, na bado nikitoka nje naufunika.