Mpiga Pasi Anayeiogopa Jumanne

Saa nne asubuhi, Jumatatu. Katika chumba cha kufulia nguo kilicho chini kabisa ya hoteli, mvuke umetanda hadi darini. Mama Kola anatandaza shati jeupe mezani, anainua kola, anapitisha pasi kutoka ncha hadi katikati, analitundika. Ni shati la sabini na moja tangu aingie. Haangalii mikono yake. Macho yako kwenye karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani.

"Kesho Jumanne," anasema, kana kwamba anataja ugonjwa.

Jumanne ni siku yake ya mapumziko.

Wenzake walimbatiza jina la Mama Kola kwa kuwa hakuna kola inayomshinda. Ana miaka hamsini na miwili, na ishirini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia humu. Kwa hesabu yake, tangu aajiriwe amekosa kazini siku kumi na moja tu, misiba na harusi ya bintiye zikiwemo. Siku za mapumziko alizijaza kwa zamu za ziada.

Miezi mitatu iliyopita uongozi mpya ukazipiga marufuku zamu hizo. Kila mtu apumzike siku moja kwa wiki, atake asitake.

"Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nilirudi kwenye pasi yangu," anasimulia. "Nilijiambia, wakiona kazi inakwenda bila mimi, nimekwisha."

Jumanne ya kwanza aliamka mapema kama kawaida. Akapiga pasi nguo zote za nyumbani, kisha mapazia, kisha matambara ya jikoni. Ilipofika saa tatu hakuwa na cha kushika. Mumewe, mlinzi wa usiku aliyestaafu, alikuwa kwenye kochi akimtazama.

"Nikamuuliza, 'Baba watoto, mchana huwa unafanya nini?' Akasema, 'Naishi.' Nikaingia chumbani nikafunga mlango."

Ndoa yao ina miaka ishirini na tisa, lakini mingi waliishi kwa kupokezana ufunguo mlangoni, mke akitoka, mume akirudi. "Nilimwogopa kama mgeni. Nikae naye tuseme nini?"

Jumanne ya pili alijikuta kwenye geti la hoteli. Askari akamrudisha: "Mama, leo humo kwenye orodha. Nenda kalale."

Ya tatu alijipenyeza nyuma ya gari la shuka chafu, akavaa aproni, akasimama kwenye meza ya mwisho. Alikuwa amemaliza mashati thelathini pale msimamizi wake, msichana wa umri wa bintiye, alipomgusa bega.

"Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliniuliza, 'Mama, kwani wewe unapenda kufanya nini?' Nikavua aproni. Mtu mzima mimi, naulizwa swali kama hilo!"

Aliondoka na barua ya onyo. Akirudia, kazi hana.

Alifika nyumbani saa tano, akakuta mlango umefungwa. Mume hayupo. Alikaa na barua mapajani, akili ikimpeleka kubaya: huenda ana nyumba nyingine. Saa nane mume akaingia na bahasha ya kahawia mkononi.

"Unatoka wapi?"

"Kliniki."

"Kliniki gani?"

"Ya sukari. Huwa naenda kila mwezi."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia saa ngapi, mke wangu?"

Mama Kola anaiweka pasi pembeni anaposimulia hapo. "Nililia. Miaka sita namwachia chai kwenye chupa, nimeikoroga sukari vijiko vitatu. Kumbe alikuwa anaimwaga."

"Si yote," mumewe alituambia nyumbani kwao, akitabasamu. "Nyingine nilimpa jirani."

Tangu siku hiyo wanakwenda kliniki pamoja. Ila sasa mume ana kidonda mguuni, mwezi wa pili hakijafunga. Kesho daktari ataamua kama alazwe.

"Usiku silali vizuri. Naisikia pumzi yake, nahesabu," anasema. "Zamani nilikuwa nalala kama gogo. Nilikuwa sijui kitu."

Vyovyote daktari atakavyosema, ameshaomba likizo ya siku kumi na nne, ya kwanza tangu aajiriwe, na imekubaliwa. Anataka ajifunze kukisafisha kidonda kwa mikono yake. Anataka pia, anasema kwa aibu kidogo, kukaa tu.

"Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika unakokwenda. Nikaandika 'nyumbani'. Karani akacheka, ati nyumbani si safari. Nikamwambia, 'Mwanangu, wewe gonga muhuri. Huko mimi sijawahi kufika.'"