Tulipanda meli safari ya mwisho kabla ya chelezo, na bibi harusi anatungoja Mwanza

Wakuu, wewe uliyeshika simu na una dakika chache, nisikilize. Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu kama apande meli inayokaribia kupelekwa chelezo kwa matengenezo, au asubiri itoke. Wengi walimcheka. Mimi sicheki, kwa sababu meli moja niliipanda kabla na nikaipanda baada. Nitaeleza kama ilivyokuwa, na pale niliposimuliwa na wengine nitasema nilisimuliwa.

Miaka ile ya vita tulikuwa tunakaa Gitega, mtaa wa Magarama. Baba alikuwa fundi cherehani, mimi nikimsaidia kushona vifungo na kukunja pindo. Wateja wake wa Bukirasazi walishaacha kuja kwa sababu njia haikuwa salama, basi tulikuwa tunashona kidogo na kukaa sana.

Vita ilipoanza, mdogo wangu Hadija alipelekwa Mwanza kwa shangazi. Alikuwa na miaka kumi na minne. Miaka sita ikapita Baba hajamwona. Kisha ikaja barua: Hadija ameposwa, ndoa ni Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri.

Baba angeweza kumwandikia mume wa shangazi amwozeshe kwa niaba yake. Wengi walifanya hivyo wakati ule, wala haikuwa aibu. Akakataa.

"Kukua kwake sikukuona," aliniambia. "Hili moja nitamuuliza mwenyewe."

Kwa wasiojua desturi yetu, nieleze taratibu. Kabla ya ndoa kufungwa, baba au anayesimama badala yake huingia chumbani kwa bibi harusi kumuuliza kama anakubali. Msichana wa kwetu huona haya, hajibu. Akinyamaza, huhesabiwa amekubali. Shikeni hapo, tutarudi.

Tulitoka Gitega mchana katika msafara wa magari yenye ulinzi, tukafika Muyinga na kukwama siku mbili tukingoja lori la kwenda mpakani. Tulifikia kwa Karim, muuza vitenge mwenye asili ya Kihindi, ambaye mizigo yake ilikuwa inapitia Mwanza. Yeye ndiye alitupa habari za meli na matengenezo yake.

"Mzee, bateau iko. Lakini iko inaenda kwa réparation, miezi mingi. We panda hii ya mwisho, ao ungoja itoke mupya."

"Mi nikingoja itoke mupya," Baba akasema, "mukwe atanipokea na mvi."

Karim alicheka mpaka akashika kaunta. Akatutafutia nafasi kwenye lori.

Bukoba tulifika Alhamisi alasiri. Meli ilikuwa iondoke jioni, ifike Mwanza Ijumaa asubuhi. Baba akakata tiketi za daraja la kwanza. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa mji kama sisi. Kwetu, mtu wa daraja la kwanza akionekana amebeba mkeka na sufuria, watu husema amezoea shida. Basi hatukubeba chochote zaidi ya kanzu ya Baba na sanduku la gauni la Hadija.

Tukafungua kabini. Vitanda vya chuma, springi tupu. Magodoro yalishashushwa Mwanza safari iliyopita. Bomba halitoi maji. Jiko la abiria limefungwa. Sakafu imelowa, na mapazia yameng'olewa hadi vijiti vyake.

Baharia mmoja alituonea huruma akatuambia tangazo lilikuwepo ubaoni, upande wa pili wa ofisi. Baba alisimama katikati ya ile kabini kama mtu aliyeletewa nguo ya mtu mwingine.

"Mimi watu huniletea koti bado wamelivaa," akasema. "Hii imevuliwa vifungo kabla haijafika kwa fundi."

Nikatishe kidogo hapa, maana kuna mtu ataandika "si ungesubiri itoke". Miezi baadaye nilirudi Bukoba na meli hiyohiyo, safari yake ya pili baada ya chelezo. Magodoro mapya, bado yako ndani ya plastiki. Harufu ya rangi iliniumiza kichwa siku mbili. Bomba lilitoa maji mekundu ya kutu, na katikati ya ziwa injini ilizimwa mara mbili ili mafundi waikague. Kwa hiyo mpya nayo ina mambo yake.

Turudi kwa Baba. Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza ndizi, aliyekuwa daraja la tatu na mikeka yake na chungu cha maharage.

"Mzee wa daraja la kwanza," akaita kutoka chini, "shuka kwa wenzako, huko juu utalala kama nyama kwenye waya."

Tulishuka. Tulikula kwake, tukakaa kwenye mkeka wake. Sanduku la gauni Baba hakuliweka chini hata mara moja.

Lakini meli haikuondoka. Wafanyabiashara walijua hakutakuwa na meli kwa miezi, hivyo kila mtu alileta mzigo wake wote siku hiyo. Nahodha akasema haondoki mpaka upungue. Watu walibishana naye, wakamtukana, na yeye akajibu neno lilelile. Mikungu ya ndizi ikaanza kushushwa mmoja mmoja. Leo namshukuru mtu yule kwa moyo wote. Siku ile nilikuwa namhesabia saa.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri. Swala ilipita tukiwa majini. Baba aliswali kwenye mkeka wa yule mama, akamaliza, akabaki amekaa anatazama mbele.

"Wameshamuozesha," akaniambia. "Wafanyeje? Watu wamealikwa."

Nikamrudishia sanduku la gauni, nililomshikia akiswali.

Sasa haya nilisimuliwa na shangazi. Baada ya swala, shehe alikuwa na ndoa nyingine ya kwenda. Mume wa shangazi akaingia kwa Hadija, akamuuliza kwa upole kama anakubali aozeshwe. Hadija kimya. Wanawake wakaanza kutabasamu, mmoja akavuta pumzi apige vigelegele.

Hadija akainua uso.

"Mjomba, leo nikinyamaza usitoke ukasema nimekubali. Sijajibu. Namngoja Baba."

Chumba kizima kikapigwa butwaa. Mume wa shangazi alitoka akaeleza barazani, akijua bwana harusi atakasirika. Kijana yule aliuliza tu meli inatarajiwa saa ngapi. Kisha akavua joho, akalikunja, akaomba chai.

Tuliingia nyumbani kwa shangazi baada ya alasiri. Kanzu ya Baba ilikuwa na madoa ya ndizi na alama za mkeka mgongoni. Aliingia chumbani akamkuta msichana ambaye amemzidi kimo.

Hakumkumbatia kwanza. Nadhani aliogopa atashindwa kusema. Alifungua sanduku, akatoa gauni, akampa avae. Alilishona kwa vipimo vya miaka kumi na minne na kukisia, ila ndani alikuwa ameacha vidole vitatu vya kitambaa kila upande. Lilimbana. Baba akapiga magoti, akatoa wembe, akaanza kufumua mshono wa ubavuni, na Hadija anacheka kwa sababu anatekenywa kama alipokuwa mdogo.

Alipofika nusu ya ubavu akasimamisha mkono. Bila kuinua kichwa akamuuliza:

"Mwanangu, nikuozeshe?"

Safari hii Hadija akanyamaza.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba tarehe ya matengenezo si tarehe moja. Chombo huanza kuvuliwa kabla, na humaliza kuzoea baada. Hakuna aliyetudanganya, hatukuuliza tu. Aliyewahi kusafiri na chombo cha namna hii aandike hapa chini, hasa wa njia ya Muyinga, itawasaidia wengine.

Na wewe uliyeuliza juzi: kabla ya kulipa, nenda ofisini uulize ni sehemu gani za meli zimeshafungwa, soma ubao wa upande wa pili pia, beba mkeka na chakula, kisha panga kufika siku moja kabla ya jambo lako.