Chenga za Kisima na Sabuni ya Unga

Usiku ule Mama Fundi hakupata hata lepe la usingizi. Alikaa mbele ya cherehani bila kushona, simu ameilaza juu ya kitambaa, akiichunga kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Binti yake alikuwa ametoka jioni amebeba mawe ndani ya shuka, na hata kwaheri hakuaga. Na kosa lilikuwa la mama.

"Dada, lala," mdogo wake alimwambia kutoka kitandani. "Mtoto yuko chuoni, hajaenda vitani."

"Hajapiga simu."

"Ampigie nani? Wewe uliyemfulia kisima?"

Mdogo mtu akacheka peke yake, akageukia ukutani, akalala. Mama Fundi alibaki na simu yake.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Binti alikuwa mwaka wa tatu chuoni, na katika klabu ya wanafunzi wa jiolojia ya mafuta yeye ndiye mtunza ghala. Ufunguo wa chumba cha klabu aliuning'iniza shingoni hata akilala. Jumamosi walitoka na nyundo kwenda kugonga mawe pale barabara zilipokata vilima, na siku nyingine waliwaalika wachimbaji waje kuwafundisha, wakabishana nao mpaka mlinzi awatoe. Mama ndiye aliyewashonea mifuko ya kutilia mawe, midogo, ya kitambaa cheupe, yenye kamba mdomoni. Kila mfuko aliupiga mshono mara mbili. Hofu zake zote alizoea kuzimalizia kwenye mishono.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, watu waliochimba kisima cha kutafuta mafuta waliipa klabu chenga za mwamba zilizopanda na tope kutoka chini kabisa. Mifuko kumi na miwili, kila mmoja umeandikwa kwa kalamu kina zilikotoka chenga zake. Wachimbaji wenyewe wangekuja kuwasikiliza. Wakieleza vizuri kilichoko kule chini, watapewa chenga za kisima kingine. Wakibabaika, basi tena.

Binti aliipitisha mifuko nyumbani, akaiacha ukumbini, akakimbilia mtihani. Mama akaiona kazi ya mikono yake imeganda tope. Fundi gani angevumilia? Alizimwaga chenga fungu moja moja juu ya shuka, akazisuuza, kisha akaifua mifuko kwa sabuni ya unga na kuianika. Ikakauka myeupe pe. Namba zote zilikuwa zimekwenda na maji.

Binti aliporudi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mama. "Sasa hatujui fungu lipi lilitoka juu na lipi lilitoka chini," alisema tu, akaanza kufunga kila fungu ndani ya kipande cha gazeti.

Kulipopambazuka Mama Fundi alivaa gauni lake la kutokea, akaenda. Chumba cha klabu kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu, nyuma ya maabara, na mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na vijana wanne wenye macho mekundu, meza imejaa visahani vya chenga, na katikati ya meza ufunguo na kamba yake. Binti alikuwa ameuvua ili aukabidhi. Hakuna aliyekuwa ameugusa.

"Karibu, mama," alisema mwenyekiti wao, kijana mrefu mwembamba waliyemwita Mnara. Aliondoa nyundo kwenye kiti ili akae. "Wewe ndiye mama wa mifuko."

"Ndimi, mwanangu. Nimekuja kuomba radhi."

"Kuzisuuza tungezisuuza wenyewe, tope lazima litoke. Umetupunguzia kazi. Ila sisi tungebakiza namba."

Walicheka kichovu. Binti hakuinua uso kutoka kwenye hadubini.

Mama alikaa akatazama. Msichana mmoja alitia chenga mdomoni, akaisaga taratibu kwa meno ya mbele kama anayeonja chumvi, akasema ni udongo mtupu, haina mchanga. Kijana mnene alidondoshea fungu jingine tone la asidi, likatoa povu.

"Chokaa," alisema. "Hapa palikuwa bahari."

"Bahari gani?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo. Kutoka pale hadi baharini ilikuwa safari ya siku mbili.

Binti alisogea pembeni. "Njoo uone."

Mama Fundi aliinamia hadubini. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Kisha vikatokea vigamba, vidogo kuliko punje ya chumvi, vimejizungusha kama konokono, na kila kimoja kimegawanywa vyumba vyumba kwa ufundi ambao sindano yake isingethubutu.

"Hawa waliishi kabla ya mtu yeyote kuwepo," binti alisema. "Kila zama ilikuwa na wenye umbo lake. Ndio wanaotuambia nani alilala chini ya nani."

Mama alishika ukingo wa meza. Viumbe hawa alikuwa amewageuzageuza kwenye beseni kama mchele. Yeye aliwafutia namba za kalamu, kumbe wao wamebeba zao miilini tangu dunia ikiwa changa.

"Mafungu kumi na moja yamepata mahali pake," Mnara alisema. "Limebaki moja, na ndilo lenyewe, tunaloshuku lina mafuta. Chini ya taa ya zambarau mafuta hung'aa kama dhahabu. Hili linang'aa bluu. Usiku kucha tumepekua vitabu. Mwenzetu huyu wa asidi ameshalipachika jina la babu yake."

Mama Fundi alilikumbuka fungu lile. Angeweza kunyamaza.

"Lilikuwa linanuka kama mafuta ya taa?"

"Lilikuwa linanuka vizuri sana," alisema binti.

"Nilidhani limeharibika. Mawe ya fungu hilo niliyaloweka yenyewe kwenye sabuni ya unga. Nikayasugua."

Sabuni ile, binti alieleza polepole, ndiyo inayong'aa bluu. Mkono wake ulikwenda kifuani, mahali pa ufunguo, ukakuta hakuna kitu.

"Basi babu yangu amekuwa sabuni," yule mnene alisema.

Mnara alikuwa akikitazama kisahani. "Mama, ulisugua nje. Ndani ya punje hukufika."

Binti aliinua macho, kisha akavuta kinu kidogo cha kaure. "Fungeni dirisha. Mama, subiri nje. Gauni lako limefuliwa kwa sabuni ile ile. Litatuwakia humu kama taa."

Mlango ukafungwa. Mama Fundi alisimama ukumbini, sikio karibu na mbao. Alisikia mchi ukisaga. Alisikia Mnara akisema, "Tone moja tu la dawa ya kuyeyusha mafuta." Halafu hakusikia kitu kwa muda mrefu. Alilitazama gauni lake, akawaza kuhusu ule mwanga aliotembea nao miaka yote asiujue, na ule mwingine uliojificha ndani ya punje, chini ya milima, ukingoja apatikane mtu wa kuzima taa.

Ndani, mtu alishusha pumzi. Kamba ikakwaruza meza.

Mlango ulifunguka kidogo. Binti alisimama gizani, ufunguo uko shingoni, mkononi ameshika koti jeusi.

"Jifunike hili, mama, uingie upesi."

Nyuma yake, katika kisahani cheupe, uzi mwembamba wa dhahabu ulikuwa ukitoka ndani ya jiwe.