Nilitaka kumnunulia Baba bundle nzima ya software kwa sababu ya wimbo mmoja

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni wa kusoma kimya humu, nasoma nyuzi zenu nacheka peke yangu hadi watu wa nyumbani wananiuliza kama niko sawa. Leo acha na mimi niseme. Haya yametokea kwetu, Otonglo, na chumvi sijaongeza.

Swali lilikuwa hili: mtu akitoka Windows kwenda Mac, anunue ile bundle ya programu za ubunifu au akae hivyo hivyo?

Sisemi bundles za intaneti. Nasema ule mkusanyiko wanaokuuzia pamoja, programu ya video, ya picha, ya kurekodi sauti, ya kuandika muziki. Unalipia zote kwa mpigo hata kama shida yako ni moja.

Aliyekuwa anahama si mimi. Ni Baba.

Baba ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi ndiye alikuwa anaongoza kwaya kanisani. Nyimbo anatunga mwenyewe, kwa Dholuo. Na mjue alikuwa anaziandika wapi: Excel.

Msicheke. Kwaya zetu nyingi zinasoma solfa, zile herufi za do re mi, hazisomi nukta kwenye mistari. Kwa hivyo Baba aliipa sauti ya soprano safu yake ya vile vyumba vidogo vya Excel, alto chini yake, halafu tenor, halafu bass. Kila mpigo na chumba chake. Mhasibu angeiona angedhani ni mishahara ya malaika.

Mwaka jana akapata stroke.

Tunamshukuru Mungu, anatembea na anaongea vizuri. Ila mkono wa kulia umekuwa mzito, na mambo mengine yanamtoka kichwani. Kwaya ikapewa mtu mwingine. Baba hakulalamika hata kidogo. Alianza tu kuchelewa kuamka, na redio yake akaacha kuiwasha. Kama umeishi na mzazi wa aina hiyo unajua ukimya huo unavyouma.

Halafu computer yake ikafa, na nyimbo zikaenda nayo. Fundi mjini alihangaika nayo akanirudishia akitikisa kichwa. Nakala za karatasi zilishaliwa na mchwa kitambo. Wanakwaya waliowahi kuimba zile za zamani wametawanyika, yaani nyimbo hizo zilibaki kichwani mwake tu, na kichwa chenyewe ndicho hicho kinachosahau.

Siku moja tukinywa chai akaniambia, "Nyathina, ule wimbo wa Sondu, mimi naogopa. Kuna mahali nikifika, haiko."

Wimbo wa Sondu tunauita hivyo kwa sababu aliutunga akifundisha kule, kabla sijazaliwa. Nyathina ni mwanangu. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia Baba akisema anaogopa kitu. Niliingia chumbani nikalia kidogo, nikatoka nimeamua kwamba wimbo huo hautapotea nikiwa hai.

Kaka yangu Odhi, aliye Nairobi, alikuwa anabadilisha laptop. Akatutumia Mac yake ya zamani, na ushauri juu.

"Sister, nunua bundle yote. Iko na ofa ya watu wanahama. Tutachanga. Mzee akipata software ya ukweli ya kuandika music, atarudi vile alikuwa."

Nikamwamini kwa sababu nilitaka sana iwe kweli. Tena mimi hutengeneza posters na video fupi za maduka ya mjini, kwa hivyo jicho langu lilikuwa limeshatua kwenye ile programu ya video. Tamaa mbele, mauti nyuma, nilijua, lakini nilijiambia ni ya Baba.

Kwanza nikachukua trial, ile ya kujaribu bure kabla ya kulipa.

Ile programu ya kuandika muziki ilifunguka maridadi kweli. Mistari mitano, nukta, alama kila kona. Nikatafuta pa kuandikia solfa. Nikapekua menu zote mpaka macho yakauma, sikupaona.

Baba akakaa, akavaa miwani, akashika mouse kwa mkono wa kushoto. Akaweka nukta, ikaruka ikakaa juu. Akaifuta. Akaweka tena, ikakaa chini. Kusoma mistari alifundishwa chuoni, lakini nyimbo zake hazijawahi kuishi huko. Alijaribu kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na nikajua anajaribu kwa ajili yangu.

"Ni mzuri sana," akasema. "Ero kamano, nyathina."

Asante mwanangu. Akainuka akaenda kuangalia kuku.

Alishukuru kama mtu aliyeletewa viatu visivyomtosha na hataki kumwaibisha aliyeleta. Nilibaki nikiangalia skrini.

Odhi kwenye simu: "Atazoea. Lipa bana, ofa inaisha!"

Jumamosi mchana nikakaa sebuleni kulipa. Nilikuwa nimejaza kila kitu, imebaki kubonyeza tu. Baba akaingia kutoka nje, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Hii kitu inaweza kusikia?"

"Inaweza nini, Baba?"

"Kusikia. Mimi niimbe, yenyewe isikie, ikumbuke."

Wakuu, hapo nilijiona mjinga. Ndani ya hiyo Mac kulikuwa na programu ndogo ya kurekodi iliyokuja na mashine, ya bure, na sikuwa nimeifungua hata siku moja kwa sababu haikuwa kwenye bundle.

Nikamvisha Baba earphones. Akaimba bass ya wimbo wa Sondu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikamwonyesha kwamba sasa anaweza kujisikia masikioni huku akiimba sauti nyingine juu yake.

"Yawa! Kumbe naweza kuwa kwaya peke yangu?"

Akaimba tenor. Akaimba alto kwa kasauti kembamba, mimi nimeuma mdomo nisicheke, yeye ndiye akaanza kucheka. Sikuwa nimeona meno ya Baba kwa miezi.

Ikabaki soprano.

Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili, katikati, akanyamaza. Mdomo wazi, hakuna kitu. Akanitazama, na ile hofu aliyonitajia kwenye chai nikaiona mwenyewe usoni mwake. Pale ndipo palipokuwa pamepotea.

Nikanyoosha kidole nisimamishe rekodi. Kabla sijagusa, wimbo ukaendelea.

Ulikuwa unatoka jikoni.

Mama yangu si Mjaluo, ni wa Nyeri, kule mlimani. Alikuja Kisumu akiwa msichana, kuuza vitenge na mjomba wake, na hadi leo anauza. Kwenye kwaya hakuwahi kuingia. Mazoezi yalikuwa Jumamosi asubuhi, na asubuhi hiyo ni ya soko. Isitoshe husema Dholuo yake inachekesha hata mbuzi. Sasa alikuwa anakanda chapati huku anaimba soprano ya Baba, kwa sauti ya chini ya mtu ambaye mikono yake iko kazini, maneno yote sawasawa, lafudhi ya mlimani ndani yake.

Baba hakumsikia, masikio yalikuwa yamezibwa na earphones. Kidole nikakirudisha polepole. Mama akaumaliza wimbo wote.

Nikamchezea Baba. Sauti ya Mama ilikuwa mbali, pamoja na mlio wa sufuria, lakini kila noti ilikuwepo. Akasikiliza akiwa amefumba macho. Akaniomba nirudie. Kisha akavua earphones, akaita.

"Wambui."

Mimi ni mtu mzima na sikuwa nimewahi kumsikia akimwita Mama kwa jina. Siku zote ni Min Akinyi, mama Akinyi, na Akinyi ndiye mimi. Niliona kama nafaa kutoka hapo chumbani.

Mama akaja mbio, unga hadi kwenye viwiko. "Ni nini? Ni kichwa?"

"Nani alikufundisha soprano?"

"Si wewe! Uliimba hiyo kitu mchana na usiku nikinyonyesha huyu. Ningefanya aje, niweke pamba kwa maskio?"

"Na hukusema."

"Hukuuliza. Wewe ulikuwa unatafuta soprano kanisani."

Baba akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka kicheko kikiwa kimeisha. Akamshika mkono wenye unga, kwa ule mkono wake mzito. Mama akamwambia aache ujinga, watoto wanaona. Hakuutoa mkono.

Bundle sikununua. Nilimtumia Odhi rekodi, akapiga simu akaomba aongee na Mama.

Ninalowaambia ni hili. Msikimbizwe na ofa. Chukua trial, mkalishe atakayeitumia, halafu umtazame yeye uso. Na fungua kwanza kile kilichokuja na mashine. Sisemi bundle ni mbaya. Kama kazi yako ni video kila siku, pengine itakulipa, na hata mimi labda nitanunua siku moja, kwa jina langu mwenyewe. Mliohama Windows kwenda Mac, nyinyi mlifanyaje? Na kuna anayejua programu ya Mac inayoandika solfa vizuri?

Naandika hivi wao wako sebuleni. Kuna wimbo mmoja ambao wote wawili wamesahau mwisho wake. Mama anasema ulikuwa unapanda, Baba anaapa ulikuwa unashuka. Nimewaambia waimbe yote mawili, nitarekodi.

Karibuni mchangie. Nitawajibu wakimaliza, na kwa jinsi ninavyowasikia, hawamalizi leo.