Pima Ngapi Ziko Majini

Baba yangu hakuwa mvuvi. Alikuwa karani, akastaafu, na kiinua mgongo chake akakinunulia boti ndogo ya faiba anayoilaza Msasani, ilhali sisi tunaishi Kimara. Kwao ni ziwani, Nyasa, na nadhani miaka yote ile ya ofisini alikuwa anasubiri tu kurudi kwenye maji. Mimi ni binti yake wa mwisho, sijaolewa, kwa hiyo ukoo mzima ukaona Jumamosi zangu ni mali ya Baba.

Anavua kwa kurambaza. Boti inakwenda polepole, mshipi unaburutwa nyuma na kisamaki cha plastiki mwishoni, na nguru akikiona kinapita anakifukuza. Mshipi wa nailoni hukaa juu juu, ndiyo maana Baba hutumia waya wa shaba, alioununua kwa mafundi wa mota kule Temeke na kuusokota barazani mpaka Mama akalalamika kuwa nyumba imekuwa gereji. Shaba ni nzito, inazama yenyewe. Ukiutoa kidogo hupati kitu. Ukizidisha, unanasa kwenye mwamba na unabaki hukohuko. Ufundi wote, basi, ni kujua waya ulioko majini ni kiasi gani.

Baba hupima kwa mikono. Anaushika waya, anatanua mikono yote miwili, hiyo ni pima moja. Anauachia majini, anatanua tena. Mwamba wetu unataka pima arobaini, si zaidi. Na anahesabu kwa kilugha cha kwao.

Hapo ndipo roho huniuma. Kilugha hicho hakutufundisha. Alisema tukikijua tutachekwa shuleni kwa lafudhi, akatulea kwa Kiswahili kitupu, nami sina zaidi ya salamu mbili tatu za kuwaamkia shangazi zangu. Sasa ananong'ona namba nisizozijua, na akipotea sina pa kumshikia. Na anapotea siku hizi. Anabandika chai na kwenda kuoga, sufuria inaungua. Ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Safari moja alisita katikati ya hesabu, akaitazama mikono yake, akaendelea kana kwamba hakuna kitu, na haukupita muda waya ukanasa. Tulivuta mpaka viganja vikachubuka. Mwishowe tukaukata, waya wote, na kurudi ufukweni bila hata dagaa.

Nilimwambia tufunge nyuzi za rangi kwenye waya mpya, kila pima kumi rangi yake.

"Mama, nimepiga hesabu za watu maisha yangu yote," akanijibu. "Leo unifungie vitambaa kama mtoto wa chekechea?"

"Ni alama tu, baba."

"Hazifungwi."

Nilipojaribu kuhesabu kwa sauti, akanifokea kwamba namchanganya. Mama alisema sikio la kufa halisikii dawa, akaendelea kuchambua mchele wake. Nilitamani kumtingisha mtu yeyote aliyekuwa karibu.

Kisha akapiga simu kaka yangu, ambaye anakaa Ukonga na hajawahi kulowesha hata kiatu kwenye boti ile.

"Sista, mie nishachoka," akasema. "Ishu siyo waya. Mzee alikuwaga na kichwa kama mashine, nyie wenyewe mnajua. Sasa siku akishindwa kuhesabu mwenyewe, boti naiuza. Leo kasahau pima, kesho atasahau njia ya kurudi."

Nilimkasirikia kwa kuwa alisema kweli, na nikamkasirikia zaidi kwa kuwa alikwisha kumwambia Baba maneno hayohayo. Baba hakubishana. Alianza tu kuvaa shati la kuvulia tangu Alhamisi na kukaa nalo sebuleni, amelifunga vifungo vyote. Hana rafiki mtaani, hachezi bao, mwenzake wa mwisho ni redio. Boti ikiuzwa, sijui asubuhi angeamkia nini.

Jumamosi tukatoka. Mimi nilikuwa nyuma kwenye mashine, yeye kanipa mgongo, waya mpya umezungushwa kwenye kibao miguuni pake. Niliamua kutosema neno. Kila alipotanua mikono nilihesabu moyoni, kwa macho, huku nimeuma meno kwa hasira, maana nilijiona mjinga: mtu mzima ninamwibia baba yangu hesabu kama anayechungulia mtihani wa jirani.

Akasimama. Mikono ilikuwa imetanuka, waya umekazwa kifuani. Sikusikia namba. Boti ilikuwa inakwenda, mwamba uko mbele, na yeye kaganda vilevile.

Akageuza shingo kidogo, si mpaka kunitazama.

"Ngapi, mama?"

"Thelathini na moja, baba."

"Thelathini na mbili," akasema, kwa Kiswahili, akauachia waya.

Tukaenda naye hivyo mpaka arobaini. Kuhesabu naye ndilo neno nililokuwa nimelipigania kwa wiki nzima, na lilipokuja nilitaka aniambie ninyamaze, namchanganya. Machozi yalinitoka na nikashukuru kwamba amenipa mgongo. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sikuona tena nimkasirikie nani.

Tulivuka mwamba salama. Upande wa pili nguru akala, mkubwa, na Baba akamvuta mwenyewe bila kutaka msaada, akipiga kelele za furaha kwa kilugha.

Jioni alikuwa anamkata vipande uani, nami nimekaa kwenye kigoda mbele yake, simu ilipolia.

"Waya umerudi?" kaka akauliza.

"Umerudi wote. Na nguru juu yake."

"Nani alihesabu?"

Kisu kikasimama. Baba hakuinua kichwa.

"Baba," nikasema.

Kaka akakohoa, akasema haya, wasalimie, akakata. Baba akamalizia kazi yake. Tulipokaa kula, kile kichwa cha samaki, ambacho nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kukigusa isipokuwa yeye, alikichota kwenye bakuli akaniwekea mimi.