Windows, Linux na Majina ya Ukoo Wetu

Tulikuwa wanne nyumbani kwangu Shella: mimi, binti yangu wa kati, mumewe, ambaye ni mkwe wangu, na mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu wa kwanza, aliyekuja kutoka chuoni Kilifi. Majina yao nayajua mpaka ya babu zao, ila hawakunipa ruhusa ya kuwaandika.

Kompyuta ile ya mezani mkwe wangu alipewa kazini Kikambala, walipoletewa mpya. Kila Ijumaa binti yangu alikaa mbele yake, mimi namtajia majina ya ukoo wetu, kuanzia wazee wa Rabai, naye anayapiga chapa. Lakini ilikuwa nzito! Ukiiwasha, wamaliza kukuna nazi nzima haijafunguka.

Mkwe wangu akasema, macho chini kwa adabu yake, "Mama, tutie Windows mpya. Kila mtu aijua, hupotei."

"Hiyo yataka mashine ya leo," mjukuu akadakia. "Tutie Linux, mfumo mwingine, mwepesi."

"Na mama atafundishwa na nani?" mkwe akauliza.

"Na mimi. Mke mwenzangu huyu atashindwa na nini?"

"Mke mwenza gani wewe," nikamwambia, "hata kukuna nazi hujui!"

Wakajaribu ile ya mkwe. Mashine ikaandika kwamba haina nguvu za kutosha. Wakafuta ya zamani, wakatia ile ya mjukuu. Ikafunguka nami sijafika nusu ya nazi. Ila vitu vilikuwa vimehama. Nilibonyeza pale nilipozoea, hapana kitu. Mjukuu akaniwekea picha moja kubwa katikati ya kioo. Nikabonyeza. Karatasi nyeupe.

"Majina mliyanakili kabla ya kufuta?" binti yangu akauliza.

Mkwe akamtazama mjukuu. Mjukuu akanitazama mimi. "Si bibi anayo yote kichwani?"

Ndivyo tulivyo kwetu. Jambo likishakuwa kwa bibi, hakuna anayelitunza tena.

Basi nikaanza upya. Nikaenda vizuri mpaka watoto wa shangazi yangu wa Rabai. Walikuwa saba. Nikahesabu kwa vidole, nikapata sita. Nikarudia; sita. Mkwe wangu akatoka nje asinione nikikwama.

"Acha nafasi," nikamwambia binti yangu.

Sasa mjukuu ananakili kila Ijumaa, pahali pawili. Lakini huyo mmoja hajarudi. Alikuwa kitinda mimba, mwenye kovu kidevuni, akaolewa upande wa Kilifi. Kama ni mamako au bibi yako, nambie aliitwa nani. Na kama hawakuwa saba, nisahihishe, tafadhali.