Mkono Uliolala Kabla ya Mama

Mama hakuwa mtu wa maneno. Mdomo nilionao niliurithi kwa baba, na yeyote anayenijua atakuambia sikurithi kidogo. Mama alikuwa na mikono. Alijua unga umeshika unyevu kwa kuufikicha kati ya kidole gumba na cha shahada. Alijua mtoto ana homa kabla mtoto mwenyewe hajaanza kulialia. Kwenye shamba letu la majani chai, juu kidogo ya Othaya, alichuma bila kutazama. Macho yalikuwa kwa jirani aliyekuwa akimpigia soga, na vidole vilikuwa kichakani vinatafuta majani mawili na chipukizi. Sikumbuki siku karani wa kituo cha kununua majani alipomtolea jani gumu kapuni. Akimaliza kuchuma alisuka kiondo, kikapu chetu cha nyuzi. Alisuka akienda sokoni, akasuka akirudi, akasuka amesimama kwenye foleni ya kupima majani, na nyuzi alizisokota pajani huku akimsikiliza mtu mwingine akilalamika.

Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka, na hivyo ndivyo ninavyomtamani. Picha zake ninazo, na sauti yake naweza kuiigiza mpaka dada yangu anifukuze jikoni. Mikono yake sina namna ya kuirudisha.

Sukari ilimpata mwanzoni mwa miaka ya tisini. Hospitalini walimpa vidonge na ushauri, kisha wanawake wa kanisa wakampa ushauri wao, uliokuwa mwingi kuliko vidonge. Shida kubwa ilikuwa chai. Kwetu maji, maziwa, majani na sukari vilichemka pamoja katika sufuria moja, na mgeni alimiminiwa hiyo hiyo. Kukataa chai ya mtu ilikuwa ni kumwambia humtaki. Basi mama akawa anabeba thamosi ndogo ya chai isiyo na sukari ndani ya kiondo, akainywa pembeni kama mtu anayeiba.

Halafu wazee wakaja kuzungumza habari za mahari ya dada yangu mkubwa. Mama wa binti angewezaje kutoa thamosi mbele ya wakwe? Alikunywa kikombe cha chai tamu mpaka chini, na alipoongezewa akanywa tena. Miezi michache baadaye vidole vikaanza kufa ganzi.

Mama aliyafunga mambo hayo mawili pamoja, na hakuna aliyeweza kuyafungua. Kwake, ganzi ilikuwa adhabu ya chai ya wakwe. Akaacha viazi vitamu, akaacha ndizi, akaacha uji, akabaki na sukuma wiki na ugali wa kuonja tu. Ganzi haikuondoka. Asubuhi ungemkuta ameketi kitandani anakung'uta mkono wa kulia, kama mtu anayekausha maji baada ya kunawa, akisema vidole vimewaka moto usiku mzima. Vikombe vilimponyoka. Siku moja alishika sufuria iliyokuwa motoni, na alijua ameungua kwa sababu ya harufu. Kiondo alichokuwa anakisuka alikitundika ukutani, na hakuna aliyethubutu kumwuliza habari zake.

Wakati huo nilikuwa nauza nyuzi za sweta za shule katika duka moja mjini Nyeri, na kila nilipopata nafasi nilipanda nyumbani kumwona. Nilimpeleka kwa daktari wa karibu. Hakumgusa hata kidole. "Ni sukari imekula neva, mama," akasema. "Zoea tu." Mimi nilipandwa na hasira nikamwambia kwamba watu huzoea baridi ya Julai, hawazoei kupoteza mikono. Mama alinivuta koti tutoke. Njia nzima aliona haya kwa ajili yangu.

Mteja mmoja wa dukani ndiye aliyenieleza habari za daktari mgeni pale mjini. Alikuwa mtu wa pwani aliyetoka kusoma ng'ambo, na alikuwa na mashine ya altrasaundi. Mji mzima ulijua mashine hiyo kwa kazi moja tu, kutazama mimba. Nilimpeleka mama hivyo hivyo, kwa ubishi zaidi kuliko kwa matumaini.

Daktari yule alianza na vidole. Alimwuliza mama kimoja kimoja. Gumba? Kimelala. Cha shahada? Kimelala. Cha kati? Hicho ndicho kibaya zaidi. Cha mwisho?

"Hiyo kadogo iko sawa," mama akasema. "Daktari, hii mkono yangu inalala kabla yangu. Mimi niko macho, yeye ameshalala."

Daktari akatabasamu, akaangalia na miguu yake. Miguu nayo ilikuwa na ganzi kidogo kwenye nyayo. Akatueleza polepole, kwa Kiswahili chake kizuri kilichotufanya sisi wawili tuone aibu na chetu. Sukari inapokula neva kwa kawaida huanzia miguuni, na mkononi haichagui vidole hivi ikasamehe kile. Lakini kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, na neva ya vidole hivyo hupita humo ikibanana na kano. Ikivimba hubanwa, na wenye sukari hubanwa kwa urahisi kuliko watu wengine. Huenda mama alikuwa na yote mawili. Kipimo cha umeme cha kuhakikisha kilikuwa Nairobi. Yeye alikuwa amesoma kwamba ng'ambo madaktari wameanza kuitazama neva hiyo kwa altrasaundi, na mama akitaka, angejaribu. Hakuahidi kitu.

Tukaambiwa tusubiri kwenye benchi. Nilishuka mara moja dukani kuomba ruhusa zaidi, nikamwacha mama katikati ya wasichana wenye matumbo makubwa. Niliporudi nilimkuta ameketi wima, magoti yamebanana, jasho linamtoka. Wasichana wale, kwa wema wao, walikuwa wamemwambia kwamba haingii mtu mle ndani kabla ya kunywa maji mpaka kibofu kijae. Mama hakutaka kuonekana mshamba wa kutojua mambo ya mjini. Alikuwa amemaliza jagi.

"Wamesema ati bila maji mashine haioni kitu," alinong'ona.

"Mama, ni mkono."

"Sasa mimi nitajua aje maji inaenda wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama alikwenda chooni akiwa amenikasirikia, akarudi akiwa bado amekasirika, na tuliingia chumbani hatusemeshani.

Daktari aliulaza mkono wake juu ya mto mdogo, kiganja kikitazama juu, akaupaka mafuta mazito ya baridi, kisha akapitisha kifaa ambacho alisema hukitumia kutazama tezi za shingo. Kwenye skrini palikuwa na ukungu wa kijivu tu. Akasogeza kidogo, akarudi, akatulia. "Ile pale," akasema. Nilitazama na kuona kitu cha mviringo chenye vidoadoa, kama kipande cha nduma, yaani gimbi, kilichokatwa kwa kisu. Akaweka alama ukingo hadi ukingo. Halafu akanigeukia akaomba mkono wangu, maana alitaka kuona neva isiyo na shida ilivyo kwa mtu wa ukoo huo huo.

Nikaketi karibu na mama, nikakunja mikono ya sweta. Neva yangu ilipotokea, ilikuwa ndogo, imejiketia kwa amani. Mama alisahau kwamba amenuna. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Mimi ndiye binti wa pili, na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo maisha yake yote aliniita maitu, yaani mama yangu.

"Huyo ni wewe, maitu?"

"Ni mimi."

Akatazama tena kwa muda. "Nikiwa na mimba yako hakukuwa na hii mashine," akasema. "Leo ndio nimekuona ndani."

Daktari alijifanya anarekebisha kitu kwenye mashine. Mimi, mwenye mdomo wa baba, nikashughulika kufuta mafuta mkononi.

Kisha akatuonyesha tofauti. Ya mama ilikuwa imevimba kabla ya kuingia katika ile njia nyembamba, na ndani yake ilikuwa imelazwa bapa, kama mpira wa kumwagilia maji uliokanyagwa. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo daktari hakulielewa.

"Kwa hivyo si ile chai?"

Ilibidi nimweleze daktari habari za wakwe. Hakucheka. Alimwambia kwamba sukari ya miaka imechangia, ndiyo, na kuchuma na kusokota nyuzi maisha yote pia kumechangia, lakini hakuna chai ya siku moja inayoweza kufanya hivyo. Angeweza kumtuma kwa mpasuaji aifungue njia ile. Neva ikipata nafasi, maumivu yangepungua. "Lakini kile sukari ilichokwisha kula, mama, hatuwezi kukirudisha. Na mashine hii hainionyeshi imekula kiasi gani. Huenda vidole vikaamka, huenda visiamke."

Tulipotoka nje mama alisimama kando ya barabara akalia, bila sauti, akijifuta kwa ncha ya leso. Nilidhani analia kwa ajili ya upasuaji. Aliponyamaza aliniambia anataka kiazi kitamu. Tulipata mwanamke anayeuza vilivyochemshwa, na mama akala kimoja polepole, ngozi na yote, kama mtu aliyetoka jela. Sijawahi kuona chakula kikiliwa vizuri hivyo.

Walimpasua mkono wa kulia. Moto wa usiku ulikwisha, na kwa hilo tulimshukuru Mungu kanisani mbele ya watu wote. Lakini vidole havikuamka. Alirudi kwenye majani chai, na sasa jani gumu likaingia pamoja na laini, na karani akawa anammwagia kapu na kumchagulia majani mbele ya wenzake. Nilitamani niwe mkali kwa karani kama nilivyokuwa kwa yule daktari, ila karani alikuwa na haki yake. Nilichokitaka sana, nakiri, hakikuwa majani. Kila nilipofika nyumbani zamani, mama hakuniuliza ninaishije mjini. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akaminya, kama anavyominywa mbuzi sokoni, akapata jibu lake akaniachilia. Tangu ganzi ianze aliminya tu kwa mazoea, kisha akaniuliza kwa mdomo, "Uko aje?" Na mimi nilimwambia niko sawa. Nilichukia swali hilo. Lilimfanya awe kama watu wengine wote.

Mwaka uliofuata, duka la nyuzi lilifungwa. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimepanga chumba mjini, nikawa nakunywa uji asubuhi na kulala nao usiku, huku nikijiambia kazi nyingine iko karibu. Julai ikafika na ule ukungu wake usioruhusu jua hata kidogo, nikapanda kwenda kumwona mama. Nilivaa sweta mbili na koti juu yake, na si kwa ajili ya baridi pekee. Njiani nilitengeneza hadithi nzuri kuhusu duka, wateja, na mwenye duka anavyonipenda.

Mama alinikuta langoni. Nikaanza hadithi yangu kabla hata ya salamu kwisha. Alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa ule wa kulia wenye kovu, akaminya kupitia koti na sweta zote mbili. Nilingoja aniulize niko aje. Hakuniuliza. Akaminya tena, mara hii polepole, akalisogeza gumba lake juu na chini, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Maitu," akasema, "umekonda."

Hadithi ya duka iliishia hapo. Nililia pale langoni kwa njaa yangu na kwa vidole vyake vilivyoamka, vyote kwa pamoja, na yeye hakuniachilia mkono mpaka tukafika jikoni.

Tangu tumzike, hakuna mtu aliyenishika hivyo. Watu huniuliza niko aje. Huwaambia niko sawa, na wote huniamini.